Baiskeli Ndani ya Handaki



Mhariri wetu ameniandama kwa miezi. Anasema jarida hili lisiachiwe washairi na walimu peke yao, na kwamba sisi tuliosomea vyuma na saruji nasi tuna la kusema. Basi nimeona niandike juu ya kitu ninachokijua kwa mikono yangu, nacho ni baiskeli. Mimi ni mtoto wa Tanga, na mtu wa Tanga hafundishwi baiskeli. Anaikuta nyumbani kama anavyoikuta mbuzi ya kukunia nazi.

Lakini baiskeli ninayotaka kuieleza leo haikufika Ngamiani. Ni ile ya zamani ambayo huenda mmeiona katika picha, gurudumu la mbele likimfikia mtu kifuani na la nyuma dogo kama sinia. Aliyeipanda ni Thomas Stevens, Mwingereza aliyezaliwa Berkhamsted mwaka 1854, akahamia Marekani akali kijana, akafanya kazi za shamba, za reli na za migodini. Tarehe 22 Aprili 1884, saa mbili asubuhi, aliondoka San Francisco akielekea mashariki. Aliingia Boston tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, akawa mtu wa kwanza kuivuka Marekani kwa baiskeli kutoka bahari hata bahari. Hakutosheka. Mwaka uliofuata alivuka kwenda Uingereza, akapita Ulaya, Uturuki, Uajemi, India na China, na tarehe 17 Desemba 1886 akamaliza safari yake Yokohama, Japani. Sehemu aliyoiendesha kwa baiskeli inahesabiwa kuwa yapata maili 13,500, yaani kilomita 21,700 hivi. Hakuna aliyemtangulia kuizunguka dunia kwa namna hiyo.

Kila anayemwandika Stevens husema kwamba alisafiri peke yake. Neno hilo ndilo lililonikaa kooni, na ndilo linalonifanya nichague siku zake za mwanzo kabisa, alipouvuka mlima wa Sierra Nevada hapa California, badala ya hadithi za Uajemi na China ambazo watu huzipenda zaidi. Mahali penyewe napajua. Nimepapita kwa miguu yangu, nikisukuma baiskeli kama yeye.

Niruhusuni kwanza niseme kidogo juu ya mashine, maana mhandisi akinyimwa hilo hawezi kuendelea.

Baiskeli yake ilikuwa Columbia ya inchi 50, mali ya kampuni ya Albert Pope, na Columbia za wakati ule zilitengenezwa Hartford, Connecticut, ndani ya kiwanda cha cherehani. Msishangae. Kule Coventry, Uingereza, nako ni kiwanda cha cherehani kilichogeukia baiskeli mwishoni mwa miaka ya 1860. Anayejua kuchonga vipande vidogo vya chuma, kipande cha leo kikaingia sawasawa mahali pa kipande cha jana, huyo ataunda cherehani, ataunda bunduki, na ataunda baiskeli. Mama yangu alitulea kwa cherehani, na sikuwahi kufikiri kwamba kile alichokanyaga kwa miguu kutwa nzima kilikuwa na udugu na kile alichokanyaga baba.

Katika Columbia ile hakuna cheni. Pedeli zimefungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu la mbele, hivyo mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo huzunguka mara moja. Gurudumu la inchi 50 lina mzingo wa mita nne kasoro kidogo, kwa hiyo kila kilomita inataka mizunguko 250. Hiyo ndiyo sababu ya ukubwa wote ule. Watu hawakutafuta urembo, walitafuta mwendo, na waliongeza gurudumu hadi pale miguu ya mpandaji ilipokoma. Ubaya wake ni kwamba mpandaji huketi karibu juu kabisa ya ekseli. Gurudumu likigonga jiwe likasimama, yeye haendi kokote isipokuwa mbele, kichwa kikitangulia. Tairi zilikuwa za mpira mgumu usio na upepo, maana John Boyd Dunlop alileta tairi yake ya upepo mwaka 1888. Na baiskeli ya magurudumu yanayokaribiana ukubwa, yenye cheni ya kuvuta gurudumu la nyuma, ile iitwayo Rover ya John Kemp Starley wa Coventry, ilitoka mwaka 1885, Stevens akiwa bado yumo safarini. Kwa hiyo bwana yule aliizunguka dunia juu ya mashine ambayo ilikuwa inapitwa na wakati chini ya makalio yake. Phoenix nyeusi ya baba yangu, iliyotoka China, ni mjukuu wa Rover. Columbia haikuacha mjukuu.

Mzigo wake ulikuwa mdogo: soksi, shati la akiba, koti la mvua ambalo usiku liligeuka hema na tandiko, na bastola.

Kutoka San Francisco hadi Sacramento ni tambarare. Baada ya hapo nchi huinuka, na inainuka bila huruma, kutoka karibu usawa wa bahari hadi mita 2,100 na zaidi kileleni. Mwishoni mwa Aprili kule juu bado ni majira ya theluji. Barabara ya magari ya farasi ilikuwa imezikwa. Palibaki njia moja tu, nayo ni reli.

Reli ile ya Central Pacific ilikuwa na jambo ambalo wengi wetu tuliokulia pwani hatuwezi kulifikiri mpaka tulione. Wajenzi walipofika mlimani waligundua kwamba theluji ya msimu mmoja inaweza kuifunika treni nzima, na ile inayoporomoka kutoka juu huweza kuisomba. Basi wakaifunika njia. Walijenga kibanda kirefu cha mbao juu ya reli, kuta na paa, yapata maili 37, karibu kilomita 60, kikiacha nafasi chache tu wazi. Hebu chukueni kibanda cha makuti cha sokoni, mkivute kutoka Tanga mjini hadi mpite Muheza. Theluji ilirundikana juu yake na kando yake, na treni ikapita ndani kama panya katika bomba. Mbao kavu na cheche za injini ni maadui wa tangu na tangu, kwa hiyo kampuni iliweka walinzi wa moto, na treni maalumu zenye matangi ya maji zikakaa tayari mchana na usiku.

Humo ndimo Stevens alimosukuma baiskeli yake. Kuipanda haikuwezekana, kwani chini kuna mataruma na kokoto, na juu mtu aliyeketi kwenye gurudumu la inchi 50 atakitafuta kichwa chake. Mwanga uliingia kwa nyufa. Moshi wa treni iliyotangulia haukuwa na pa kutokea, ulibaki ukining'inia. Naye ilimbidi atembee huku masikio yakiwa mgongoni, maana njia ilikuwa moja na treni zilikuja kutoka pande zote mbili. Akisikia ngurumo, alijibana ukutani yeye na baiskeli yake, akangoja chuma kipite, akakohoa moshi, akaendelea.

Mimi nimefanya kazi kando ya reli zinazotumika. Huvaa fulana ya rangi ya chungwa, huwa na mtu ambaye kazi yake siku nzima ni kutazama treni tu, na mwingine wa kupiga filimbi. Na bado, treni inapopita mita tatu kutoka kifuani mwako, tumbo hushuka. Stevens hakuwa na mtu wa filimbi. Kwa ujasiri huo simnyimi haki yake.

Lakini tuangalie vizuri mahali aliposimama. Ukuta uliombana ulijengwa na watu. Mataruma aliyoyahesabu kwa miguu yaliwekwa na watu. Na karibu na kilele reli hiyo inaacha vibanda vya mbao na kuingia katika mwamba wenyewe, katika handaki ambalo wahandisi waliliita namba 6. Lina urefu wa futi 1,659, yaani mita 506, na limetobolewa katika mawe ya matale, yale magumu sana. Kazi ilianza mwaka 1866, na mwaka uliofuata pande zikakutana. Walichimba kutoka ncha mbili, kisha wakachimba shimo la wima katikati ili watu waingie na kuchimba kuelekea nje, hivyo wakawa na nyuso nne za mwamba za kushambulia kwa pamoja. Mmoja hushika mtaimbo wa kutobolea, wengine huupiga kwa nyundo. Tundu likitosha, hutiwa baruti. Kwa juhudi zote hizo, kila uso ulisogea kama futi moja kwa siku. Baadaye walitumia nitrogliserini, ambayo waliichanganya palepale mlimani kwa kuogopa kuisafirisha, na hata hapo mwendo ulikaribia futi mbili tu.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa Wachina. Kampuni ilianza kuwaajiri kwa wingi mwaka 1865, wengi wao kutoka mkoa wa Guangdong, na wakati kazi ilipopamba moto walikuwa zaidi ya elfu kumi, karibu tisa katika kila kumi ya wafanyakazi wake wote. Walilipwa pungufu ya wazungu, na chakula walijinunulia wenyewe. Juni 1867 maelfu yao waliweka nyundo chini, wakadai mshahara sawa na saa chache zaidi za kupumzika. Hawakupiga mtu wala kuvunja kitu. Bwana Charles Crocker wa kampuni alizuia chakula kisiwafikie kule mlimani, na baada ya siku nane kazi ikarejea. Reli iliunganishwa Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Mwaka 1882, miaka miwili tu kabla Stevens hajapita na baiskeli yake, Marekani ilipitisha sheria ya kuwafungia Wachina mlango, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1943.

Jambo lililoniumiza nilipolisoma ni la daftari. Madaftari ya mishahara ya kampuni yapo, lakini kwa Wachina yaliandika zaidi jina la kiongozi wa kikundi, aliyepokea fedha na kuwagawia wenzake. Sisi tunalo neno la mtu huyo tangu zama za misafara: mnyapara. Majina ya wanyapara yapo. Ya wale waliokuwa nyuma yao mengi hayapo. Wanahistoria wa chuo kikuu cha Stanford walianzisha mradi mwaka 2012 wa kuwatafuta watu hao, wakatafuta Marekani na China, na hawakupata hata barua moja iliyoandikwa na mmoja wao. Watu zaidi ya elfu kumi, na hakuna karatasi inayosema "mama, sijambo, huku ni baridi."

Stevens aliandika mabuku mawili.

Sasa nije kwenye siku yangu mwenyewe. Julai 2019, nikiwa na miaka 52, niliamua kuendesha baiskeli kutoka Sacramento hadi Reno. Watoto walinicheka. Mke wangu hakucheka, aliuliza bima inalipa nini. Niliwaambia nataka kwenda peke yangu, kama nilivyokuja nchi hii peke yangu mwaka 1987, na sanduku moja na barua ya chuo. Sentensi hiyo watoto wangu wanaijua kwa moyo, kwani nimeisema kila ripoti ya shule ilipokuja na alama mbaya.

Siku ya tatu niliamkia Cisco Grove, mita kama 1,700 juu ya bahari. Sikuwa na haraka, maana mpaka kileleni hapakuwa mbali, na kutoka kileleni hadi Truckee ni mteremko. Nilifuata barabara ya zamani iliyo pembeni ya barabara kuu. Asubuhi ilikuwa nzuri, mvinje unanukia, theluji imebaki vipande tu kwenye vivuli. Nikawa najisifu moyoni. Muda si mrefu tairi ya nyuma ikakaa chini.

Pancha si habari kwa mtu wa Tanga. Nilifungua gurudumu, nikatoa mpira wa ndani wa akiba, na hapo ndipo nilipoona nimechukua mpira ambao valvu yake haikubali pampu yangu. Mhandisi wa miaka thelathini! Nilikagua madaraja ya watu nikasahau kukagua valvu. Gundi ya viraka ilikuwa imekauka. Simu haikuwa na mtandao. Nilisukuma baiskeli kwa saa moja na zaidi, jua likipanda, nikimaliza maji.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa makamo, mfanyakazi wa matengenezo ya barabara, akiwa na lori dogo lenye koni za plastiki nyuma. Alisimama bila kuitwa. Hakuwa na valvu ya kufaa, lakini alikuwa na gundi, na alikuwa na subira. Tulikaa ukingoni mwa barabara tukasugua mpira kwa kipande cha msasa, tukaubana kiraka chini ya buti lake tukihesabu dakika. Akaniachia chupa mbili za maji. Nilipotaka kumlipa, alisema wiki iliyopita yeye ndiye aliyesaidiwa. Jina lake sikuliuliza. Hilo nalo lizingatieni: mimi ninayelalamika juu ya daftari la kampuni ya reli, jina la mtu aliyeniokoa sikuliuliza.

Nilifika kileleni alasiri. Treni haziwezi tena kukukuta ndani ya handaki namba 6, kwa kuwa njia ile iliachwa mwaka 1993 na reli ikang'olewa. Vibanda vya mbao vya zamani havipo. Palipohitajika kinga, saruji imechukua mahali pa mbao. Nilishuka, nikawasha taa, nikaingia nikisukuma baiskeli.

Nje lilikuwa joto la Julai, ndani baridi ikanishika mabegani kabla sijapiga hatua ishirini. Vijana wamepaka kuta rangi na majina yao, makubwa, yenye kung'aa. Lakini ukisogeza taa karibu, chini ya rangi utaona mifereji iliyonyooka, nene kama kidole gumba. Ni nusu ya matundu ya baruti. Mtaimbo ulipita hapo, mwamba ukapasuka, nusu ya tundu ikaondoka na jiwe, nusu ikabaki ukutani. Nilitia kidole. Mfereji mmoja urefu wake ulikuwa kama mkono wangu. Nikapiga hesabu, kwa sababu ndiyo tabia yangu: futi moja kwa siku kwa kila uso, basi kutoka mfereji huu hadi ule pale mbele ni kazi ya siku ngapi, ya watu wangapi, waliokula nini. Katikati mwanga hushuka kutoka lile shimo la wima, na maji yanadondoka. Hapo nilisimama kitambo. Mtu anayefuata reli hii mwaka 1884 hakuwa na mahali pengine pa kupita. Kama Stevens alitazama ukuta, aliuona ukiwa mpya kuliko mimi, una miaka 17 tu.

Nje ya handaki, ukiendelea mbele kidogo, kuna ukuta wa mawe uliopangwa bila chokaa kujaza bonde kati ya handaki namba 7 na namba 8. Waliuinua Wachina haohao, na watu hapa huuita Ukuta wa Wachina. Treni za mizigo zilipita juu yake kwa zaidi ya miaka mia moja, kila moja nzito kuliko iliyotangulia. Kama mtu wa fani nauambia umma kwamba kazi ile ningeitia sahihi bila kusita.

Si kwamba Stevens hakuwaona watu. Aliwaona. Katika jangwa la Nevada alilala mara nyingi katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akala chakula chao, akanywa maji ya vituo vyao, kwani bila vituo vile jangwa lingemmaliza. Zaidi ya theluthi moja ya njia ya Marekani aliitembea. Uturuki alilishwa vijijini, na kila mahali watu walitaka jambo moja tu kwake, apande waone. Tehran alikaa majira ya baridi. Afghanistan walimkamata na kumrudisha mpakani, akalazimika kuzunguka hadi India kwa meli. China, ambako hasira ya vita na Wafaransa ilikuwa bado mbichi, umati ulimshambulia kwa mawe, na waliomwokoa walikuwa maofisa wa Kichina. Yote hayo ameyaandika. Kalamu yake, kama kalamu nyingi za Waingereza wa wakati ule, haikuwa na adabu kwa watu waliompa mkate, lakini mkate ameutaja.

Kisha akaja kwetu. Wengi wa wanaompenda kwa sababu ya baiskeli hawalijui hili. Mwaka 1889 gazeti la New York World lilimtuma Afrika ya Mashariki kumtafuta Henry Morton Stanley, aliyekuwa akirudi kutoka kumfuata Emin Pasha. Stevens alifika Zanzibar, akaingia bara, na alikuwa miongoni mwa waandishi wa kwanza kumkuta Stanley, siku chache kabla ya msafara kuingia Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Pwani yetu ilikuwa motoni wakati huo. Siku kumi na moja baadaye Wajerumani walimnyonga Abushiri kule Pangani. Stevens aliandika kitabu cha safari hiyo, kikatoka mwaka 1890.

Safari hii hapakuwa na baiskeli. Palikuwa na wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi wa misafara ile ulikaribia frasila mbili, zaidi ya kilo 30, kichwani au begani. Mbele yao mnyapara, naye ndiye aliyejulikana jina. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliweka kitabu chini nikaenda kupika chai. Mtu yuleyule, mikono ileile iliyosukuma Columbia kwenye moshi, ila sasa koti la mvua limebebwa na mwingine.

Niliporudi kutoka Reno (nilifika siku ya tano, kwa wanaouliza, na nyumbani nilirudi kwa basi) nilimpigia simu dada yangu mkubwa Tanga. Baba alifariki miaka mingi iliyopita, na yeye ndiye daftari la nyumba yetu. Nikamsimulia mlima, pancha, yule mama wa lori. Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuliuliza kwa miaka thelathini na mbili. Ile Phoenix ya baba, aliyokwenda nayo kazini bandarini kila siku, ilipotelea wapi? Maana nakumbuka mwaka ule nilipoondoka haikuwepo uani.

Dada alinyamaza kidogo.

"Kwani wewe hujui?"

"Sijui, dada."

"Baba aliiuza. Pasi yako, nauli ya basi mpaka Dar, na lile koti. Alimuuzia muuza samaki mmoja wa Deep Sea, akalipa mara mbili."

Nikamwambia nakumbuka baba alikuwa akitembea kwa miguu. Aliniambia daktari amemshauri.

"Daktari gani, mdogo wangu? Alitembea mpaka mwaka 1989, ndipo akapata nyingine, kuukuu. Na yule muuza samaki alikuwa akipita hapa mlangoni kila asubuhi nayo. Baba alikuwa akimwita, anamwangalizia cheni."